Mlango wa mninga kutoka Keko: nilichouziwa na nilichoshauriwa

Nilikwenda Keko, Dar es Salaam, nikiwa na picha ya mlango kwenye simu na uamuzi niliokwisha kuufanya: ubao mpana wa mkongo, usio na mapambo, upachikwe ndani ya wiki 2. Karakana mbili za mwanzo zilikubali papo hapo na kudai malipo ya awali. Ya tatu, ambayo msimamizi wake ni mzee aliyeshika randa kwa zaidi ya miaka 40, haikunitajia bei kabla ya kunihoji: nyumba iko wapi, mlango unaelekea upande gani, mvua inaupiga au kuna baraza, na ni nani atakayeufungua kila siku. Nilipomweleza kwamba nyumba iko Kigamboni, inatazama bahari, na kwamba anayeshinda humo ni mama yangu mwenye miaka 74, alinirudishia simu akasema, "Mwanangu, huu utamtesa mama."

Maelezo yaliyofuata nayahesabu kuwa sehemu ya bidhaa. Mkongo ni mti imara lakini mzito, na ubao mpana, wa mti wowote ule, hutanuka kwa unyevu wa masika na kusinyaa jua linaporudi, hivyo usipoachiwa nafasi hupasuka au hugoma kufunguka. Akaniwekea mikononi vipande viwili vya mninga, mti aliotaka niuchague badala ya mkongo: kimoja kilichopasuliwa karibuni, kizito na cha baridi kiganjani, kingine kikavu, kilichokaa juu ya kenchi muda mrefu, chepesi, ambacho kikigongwa kinalia. Alinionyesha pia ukingo mweupe wa ubao, ambao ndio bungua, mdudu atoboaye mbao, huanza nao, na akaagiza ukatwe wote, kibaki kiini cha kahawia peke yake. Akapendekeza mlango wa paneli zinazokaa kwenye mifereji ya fremu bila gundi ili zipate pa kutanukia, pamoja na bawaba za shaba, kwa kuwa chuma hakidumu penye upepo wa chumvi.

Si kila neno lake nililifuata. Alitaka komeo la mbao kwa ndani badala ya kitasa cha kisasa. Nilikataa, naye hakununa, na hadi leo sijajutia.

Kasoro zipo. Kazi ilichelewa kwa siku 9 kuliko tarehe tuliyopatana, simu hazikupokewa, na stakabadhi ya malipo ya awali niliipata baada ya kuidai mara mbili. Bei ilikuwa shilingi 620,000 pamoja na kupachika, pungufu ya ile niliyojiandaa kuilipa kwa mkongo, jambo linalonifanya niamini kwamba mzee hakuwa akinishauri kwa faida ya mfuko wake.

Masika yamepita. Mlango wa uani, nilioununua mahali pengine kwa haraka zangu mwaka uliotangulia, ulivimba hadi tukawa tunaufungua kwa teke. Huu wa mbele mama aliendelea kuusukuma kwa mkono mmoja, birika likiwa katika mkono wa pili.

Anayetaka kwenda namshauri afike kabla ya adhuhuri, kwa kuwa baada ya swala mzee hupumzika na wanaobaki ni vijana, ambao humkubalia mteja kila anachotaka.