Kupunguza kasi au kubana uwanja mzima?

Timu ndogo ya chuo ikiingia NCAA, mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo huko Marekani, ina njia mbili kuu za kumng'oa kigogo.

Ya kwanza ni kupunguza kasi. Mwaka 1996 Princeton waliwatoa UCLA, mabingwa watetezi, 43-41: pasi nyingi, kisha kumchomoka beki mgongoni kuelekea kikapuni. Mashambulizi ya kila timu katika mechi yakishuka kutoka 70 hadi 58, aliye bora anapata nafasi chache za kuonyesha ubora wake. Lakini wakati huo kila shambulizi lilipewa sekunde 35. Tangu msimu wa 2015-16 ni 30, na anayechelewa huishia kutupa kwa kulazimisha. Ukiachwa kwa pointi 10, mwendo wa taratibu unakugeuka.

Ya pili ni kubana uwanja mzima, yaani kumkaba mpinzani tangu upande wake badala ya kumsubiri karibu na kikapu chako, kama Fairleigh Dickinson walivyowafanyia Purdue mwaka 2023, 63-58. Zach Edey, mwenye futi 7 na inchi 4, aliwekewa mtu mbele na mwingine nyuma. Wenzake wa pembeni wakaachwa wazi, na Purdue wakafunga mitupo 5 tu kati ya 26 ya pointi tatu. Ilikuwa kamari, tusidanganyane. Inataka wachezaji 9 au 10 wenye pumzi, kwani faulo 5 zinamtoa mtu, na mstari wa kwanza ukivukwa, mabeki wawili wanakabili washambuliaji watatu.

Wenye benchi fupi wachague ya kwanza. Wenye wachezaji wafupi lakini wepesi, ya pili, ila wabane baada ya kufunga, mpinzani anapolazimika kurusha mpira kutoka nje ya mstari.