Mbegu ya dume la nguruwe: ununue ya chupa, ya mrija au dume mwenyewe?

Mtu akiniuliza anunue mbegu ipi, na mimi humuuliza: una majike wangapi, na kituo cha mbegu kiko mbali kiasi gani na banda lako? Mwenye majike watatu pale Mbozi hana haja ya kuanza na mrija wa naitrojeni, yaani mbegu iliyogandishwa, hata kama dume wa kwenye katalogi ana mgongo mrefu kama benchi la kanisani.

Ya kwanza: mbegu ya chupa

Hii ni mbegu mbichi, isiyogandishwa. Chupa moja ni mililita 80 hadi 100, ndani yake mbegu bilioni 2 hadi 3, na hutunzwa kwenye nyuzi joto 17. Soma tarehe ya kuvunwa na uulize imechanganywa na maji gani ya kuitunzia. Yanayoitwa BTS huitunza kama siku 3. Mengine hufika siku 5 na kupita. Rwanda chupa hizi hupelekwa hata kwa droni.

Ila barafu, hapana. Niliwahi kupokea chupa stendi imelazwa juu ya barafu kama sato, kondakta anatabasamu kwamba kanitunzia mzigo. Tulipoweka tone kwenye hadubini, mikia imepinda, hakuna inayosogea. Utando wa mbegu ya nguruwe una kolesteroli kidogo, na ukipozwa ghafla chini ya nyuzi 15 unaharibika.

Ya pili: mrija wa naitrojeni

Hii ni ya mfugaji anayetafuta damu mpya kutoka mbali, au ya dume aliyekwisha kufa. Inakaa miaka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, lakini kuganda na kuyeyuka huua nyingi. Baada ya kuyeyusha, ukikuta nusu bado zinaogelea, umeuziwa mali. Ndiyo maana dozi ya kawaida hubeba hadi bilioni 5 au 6, na mrija wa nusu mililita mmoja hautoshi. Bei ya mrija isikudanganye: uliza dozi moja ni mirija mingapi.

Kuna madume wazuri kabisa ambao mbegu zao hazikubali kugandishwa. Mwambie muuzaji ayeyushe mrija mmoja mbele yako, mtazame tone papo hapo, kisha mrudie baada ya nusu saa likiwa kwenye nyuzi 37. Zikiwa zimelala, funga pochi. Vituo vingine hujisifu kwamba wameongeza glutathioni, kemikali ya kulinda seli, ili kuzikinga. Inaweza kusaidia, ila mimi naamini tone.

Hela iliyobaki inunue kipimajoto. Mrija wa nusu mililita huingia kwenye maji ya nyuzi 37 kwa sekunde 20 hadi 30. Ukaushe vizuri kabla ya kuukata, kwa sababu tone la maji ya bomba linaua, kisha mimina kwenye BTS yenye joto hilohilo. Maji hayo yalitengenezwa Beltsville, Marekani, kwa kazi hii hii ya kuyeyushia. Kuyeyushia kwapani tuachane nako.

Nunua pia katheta (bomba la kupandikizia) ndefu inayofika ndani ya mfuko wa uzazi, kwa majike waliokwisha kuzaa. Mbegu iliyoyeyushwa huishi saa chache tu, na yai hutoka wakati joto la jike, yaani kipindi anachotaka dume, likiwa limepita kama theluthi mbili. Kumkagua jike asubuhi peke yake hakutoshi. Rudi jioni, na ukiweza usiku pia.

Ya tatu: dume wako

Anakula kila siku, kazi iwepo isiwepo. Chini ya majike kumi, sioni faida.

Ya mwisho: dume wa kuazima

Ni rahisi mpaka homa ya nguruwe ya Afrika ifike kijijini. Haina dawa, na dume anayezunguka banda kwa banda huibeba. Hata kwa chupa na mrija, dai cheti cha afya ya dume: kirusi hicho hupita ndani ya mbegu pia.