Kulinda Betri za Lori Dhidi ya Wizi: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Uache

Asubuhi ile Makambako nilizungusha ufunguo na lori halikutoa hata mlio. Nikateremka, nikazunguka nyuma ya kabini upande wa kushoto. Kufuli nililonunua kwa bei kubwa lilikuwa palepale, limefungwa, halina mkwaruzo. Kifuniko chenyewe cha betri kilikuwa kimelala chini ya tairi. Wezi hawakuligusa kufuli kabisa: walifungua bolti nne za bawaba kwa spana namba 13, wakakata nyaya kwa msumeno wa chuma, wakaondoka na betri mbili kubwa za saizi ya N150. Nyaya walizoniachia zilikuwa fupi mno, hata betri mpya zilipoletwa hazikufika kwenye nguzo, vile vichwa vya betri vinavyofungwa nyaya. Nilikaa pale siku mbili na mzigo wa watu mgongoni.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila kinachouzwa kwa kazi hii, na nimekagua maboksi ya wenzangu wengi kwenye foleni ya mpakani Tunduma. Ninaandika kwa ajili ya mwenye Fuso, Scania, Isuzu au Canter ambalo betri zake zimekaa nje, ubavuni mwa chesisi, anayetaka kujua pesa yake iende wapi.

Kabla ya kutoa hata shilingi, mfikirie mwizi mwenyewe. Anakuja usiku na spana, msumeno, mtaimbo na pengine mkasi mkubwa wa kukatia nondo. Ana dakika chache, na dereva au utingo amelala hatua mbili kutoka alipo. Grainda hawezi kuiwasha bila kuamsha parking nzima. Basi kila ulinzi unaouziwa uulizie hivi: je, huu unamlazimisha kutumia grainda? Usipomlazimisha, utamchelewesha kidogo tu.

Ya kwanza: boksi la chuma la kuundiwa, kufuli likiwa limefichwa

Hili ndilo ninalolitumia sasa, na ndilo ninalomshauri kila mtu kwanza. Halipatikani dukani. Unaenda kwa fundi wa kuchomelea, kwa Dar es Salaam Gerezani wamejaa, kwa Nairobi mafundi wa jua kali, unampa vipimo vya betri zako na kusimama naye mpaka amalize. Mimi nililipa shilingi 130,000 kwa vyuma na kazi. Betri mbili nilizoibiwa zilikuwa zimenigharimu karibu laki nane.

Simamia mambo haya, kwa sababu fundi akiachiwa ataunda sanduku la kawaida.

Bamba liwe la milimita 3. La milimita 1.5 linakunjwa na mtaimbo kama bati. Kona zote ziwe na engo, chuma cha pembe. Bawaba zikae ndani, au zichomelewe moja kwa moja bila bolti hata moja inayoonekana kwa nje. Hapo ndipo mimi nilipoliwa. Pini ya bawaba nayo ichomelewe ncha zote mbili, maana pini ikigongwa ikatoka, mlango unafunguka na kufuli lako likiwa limefungwa.

Kisha mahali pa kufuli. Mwambie fundi akate kipande cha bomba nene, akichomelee kwenye mlango kiwe kama kikombe kilichopinduliwa, masikio ya kufuli yakae humo ndani. Kufuli linaingizwa kwa chini, ufunguo unaingia kwa chini, na mkasi hauna pa kuuma. Fundi wangu alikata bomba la inchi nne. Nilipojaribu mwenyewe kuingiza mkasi wa nondo, midomo yake haikufunguka ndani ya bomba hata nusu. Kikombe hicho cha chuma kinafanya kazi kuliko kufuli lolote la bei mbaya lililoachwa linaning'inia wazi.

Boksi lipumue. Betri ya risasi na tindikali inapochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, na hewa ya humo ikishafikia asilimia 4 ya gesi hiyo, cheche moja inatosha kulipua. Toboa matundu juu na mengine chini, madogo kiasi kwamba bisibisi haipenyi kufika kwenye nguzo. Ya chini yatatoa pia maji ya mvua na ya kuoshea gari. Sakafuni tandika raba, hata kipande cha tairi kuukuu, betri isisuguane na chuma. Paka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, na ndani upake mara mbili, kwa sababu tindikali inakula chuma usichokitazama.

Sasa usalama wa kazi yenyewe, na hapa naomba tusikilizane. Betri zitolewe kwenye gari na ziwekwe mbali kabla fundi hajawasha mashine. Usikubali maneno ya "nazifunika na gunia tu". Kama gari lina kompyuta, na Scania za siku hizi zote zinazo, waya wa ardhi wa mashine ufungwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa, umeme usije ukapita kwenye vifaa vya gari. Chesisi yenyewe isichomelewe wala isitobolewe kwenye kingo za juu na chini, maana hizo ndizo zinazobeba mzigo, na ufa huanzia hapo. Boksi lifungwe kwenye matundu yaliyopo ubavuni kwa bolti za M12, halafu nati zichomelewe kwenye mikia ya bolti kwa nukta moja. Ikija siku ya kulitoa, grainda utakuwa nayo wewe, mchana, gereji.

Ya pili: flatibaa juu ya betri

Kama pesa ya boksi haijapatikana, au gari ni la tajiri na hataki libadilishwe, nunua hii. Ni chuma bapa cha milimita 6 kinachopita juu ya betri zote mbili, upande mmoja kimeshikwa na bawaba iliyochomelewa, upande wa pili kufuli. Hata kifuniko kikivunjwa, betri hainyanyuki. Kwa lori zenye kifuniko cha plastiki, kama Scania na DAF nyingi, hii ni lazima, kwa kuwa plastiki haimzuii mtu.

Kasoro yake ni kwamba kufuli linabaki nje bila kufichwa. Pia chuma kinapita karibu na nguzo, na kikigusa chanya utaona moto. Kivishe chote mpira, hata ule wa kupitishia maji unatosha, na uukague kila unapoangalia maji ya betri.

Wapo wanaofunga flatibaa kwa bolti badala ya kufuli. Chagua bolti za kufunguliwa kwa ufunguo wa allen, ule wa pembe sita unaoingia ndani ya kichwa, kisha gongea gololi ya beringi ndani ya tundu la kichwa chake. Spana haishiki, allen haiingii. Ubaya ni kwamba nawe ukiwa na shida ya betri kwenye mlima wa Kitonga saa tisa usiku, hufungui. Kwa gari linalosafiri mbali siipendi njia hii; kwa gari la mchanga linalolala mjini ni nzuri.

Ya tatu: kufuli lenyewe

Nimeliweka la tatu kwa makusudi, ingawa wengi hulinunua la kwanza. Kufuli la shaba la shingo ndefu, lile linaloning'inia, mkasi unalikata mara moja. Nunua lenye shingo fupi na nene iliyokumbatiwa na mabega, au lile la duara la chuma kisichoshika kutu, milimita 70, ambalo shingo yake inaonekana kidogo tu. Makufuli ya Ulaya hupangwa kwa madaraja ya CEN, shirika la viwango la Ulaya, 1 hadi 6. Kwa kazi ya nje tafuta kuanzia la 3. Kama boksi lako lina kile kikombe cha bomba, kufuli la kawaida imara la bei ya wastani linatosha, pesa iliyobaki nunulia bamba nene zaidi.

Usilipake grisi wala oili. Vumbi la barabarani likikutana na oili linakuwa udongo ndani ya tundu la ufunguo, na wiki ya tatu halifunguki. Saga grafiti, ule moyo mweusi wa penseli, puliza unga wake ndani.

Ya nne: mnyororo

Afadhali kuliko kukosa. Betri haina sikio la kupitishia mnyororo, kwa hiyo watu huuzungusha juu, na mwizi anaitelezesha betri kwa chini. Mikono ya plastiki ya kubebea inakatika kwa kisu. Ukilazimika, uzungushe kama msalaba, juu na pande zote mbili, ukazwe mpaka usicheze, na pete zake ziwe za chuma kigumu. Minyororo inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni laini, msumeno unaimaliza.

Vya kuongezea, si vya kutegemea

King'ora na kifaa cha kufuatilia gari havizuii betri kutoka. Lakini kifaa chenye betri yake ndogo ndani hutuma ujumbe kwenye simu pale tu umeme wa gari unapokatika, na kwa anayelala kabini hiyo ni nafasi ya kuamka kabla hawajafika mbali. Muulize muuzaji kuhusu hiyo betri ya ndani. Kisichokuwa nayo kinanyamaza palepale nyaya zinapokatwa. King'ora nacho kiwe na betri yake.

Swichi ya kukatia umeme wa gari zima inauzwa kama kinga ya wizi. Ni nzuri kwa kuzuia betri isiishe na kwa dharura ya moto, ila anayeiba betri haimhusu.

Kuandika namba ya gari kwenye betri kunagharimu dakika kumi. Tumia chuma cha moto kwenye plastiki, pande mbili, na chora namba hiyohiyo kwenye nguzo za risasi. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na nyingi zinazoibwa huishia kwenye mizani ya vyuma chakavu kwa kilo. Mnunuzi akiona namba ya gari mbili mbili, wengine hurudisha mkono nyuma. Kwa hiyo nawe usinunue betri iliyokwanguliwa namba. Biashara ya betri chakavu inaweza kuumiza wengine zaidi ya mwenye gari: pale Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa 2014, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kuhusu kuzifungua betri kila usiku na kulala nazo kabini: kwa Canter yenye N70 inawezekana, nimeona vijana wakifanya. Kwa N150 ya kilo 35 na zaidi, kila usiku, ni kuvunja mgongo wa utingo, na vichwa vya nyaya vinalegea mpaka gari linagoma asubuhi. Tena tindikali na gesi yake si vya kulala navyo chumba kimoja.

Boksi likishakamilika, usiondoke kwa fundi kabla ya jaribio hili. Funga, mpe fundi mwenyewe spana, bisibisi na mtaimbo, mwambie afungue bila ufunguo kwa dakika tano. Wangu alifungua kwa dakika mbili siku ya kwanza, kupitia nyuma, ambako alikuwa ameacha uwazi wa kupitisha nyaya unaoingia mkono mzima. Akaziba, akaacha tundu la ukubwa wa nyaya tu lenye raba pembeni. Kisha mpe dereva ufunguo na umwambie afungue boksi na kuchomoa waya hasi. Nyaya zikianza kuungua njiani, hiyo ndiyo kazi atakayotakiwa kuifanya chini ya dakika moja, kwa hiyo ufunguo mmoja ukae kwenye mnyororo uleule wa ufunguo wa gari, na wa akiba ubaki kwa tajiri.