Nyota nne kwa mkadiria hasara wangu, ya tano nimeizuia

Nilimlipa mtu dola 1,446 agombane na kampuni ya bima kwa niaba yangu, na pesa hiyo hainiumi. Kinachoniuma ni wiki tatu za Aprili ambazo hakupokea simu. Kwa sababu hiyo jina lake silitaji, na la kampuni ya bima silitaji kwa sababu nyingine nyingi. Ila huduma yenyewe nataka kuieleza. Kazi ilifanyika 2021, lakini tangu kimbunga Beryl kitupitie Houston Julai 2024, simu za Waswahili wenzangu hazikatiki: "Dada, kuna mtu yuko mlangoni anasema atanishughulikia mambo ya bima. Nisaini?"

Usisaini. Nisome kwanza.

Ile baridi ya Februari 2021, kila aliyekuwa Texas ana kisa chake. Sisi tunakaa Alief, mtaa wa Houston, nyumba ya chini, mabomba ya maji yamepita darini kama nyumba nyingi za huku, maana walioijenga hawakuwaza barafu. Jumanne tarehe 16 ilifika nyuzi 11 chini ya sifuri na umeme hakuna. Jumatano ikapata joto kidogo, nikasema alhamdulillah, kumbe barafu ndiyo iliyokuwa imeziba pale bomba lilipopasuka. Ilipoyeyuka tu, maji yakaachia. Dari la chumba cha Rahma lilishuka lote kwa mkupuo mmoja, jipsamu pamoja na ile pamba ya waridi ya kuzuia baridi, juu ya kitanda. Mtoto alikuwa jikoni. Siku hiyohiyo jiji likatangaza tuchemshe maji ya bomba kabla ya kunywa, nasi maji yenyewe yako viatuni.

Kampuni ikamtuma mtu. Alijitambulisha kuwa ni mkadiriaji huru, nami nikalifurahia hilo neno huru. Akakaa dakika 25, akapiga picha chumba kimoja, akaaga vizuri. Machi ikaja cheki ya dola 6,840, zikiwa zimeshakatwa 2,400 ambazo mkataba wetu unasema tunajilipia wenyewe kwanza. Jiko halimo. Korido haimo.

Hapo ndipo nilipojua kuwa majina ya watu hawa yanampoteza mtu mchana kweupe. Yuko mkadiriaji aliyeajiriwa na bima. Yuko huyo "huru", ambaye uhuru wake ni kukodiwa na kampuni hii leo na ile kesho, lakini mlipaji siku zote ni bima. Na yuko "wa umma", ambaye mie nilidhani ni mtumishi wa serikali, hata nikamwuliza ofisi yake iko jengo gani. Akacheka. Wa umma ni wako wewe mwenye nyumba, unamlipa wewe, na katika dai hilohilo haruhusiwi kula kwa bima. Nyumbani Tanga, nilipogongwa gari, mkadiriaji alikuja na bima, akasema yake, mambo yakaisha. Kuwa na wa upande wangu, wala sikujua kama kuna kitu hicho.

Shemeji ndiye aliyenipa namba ya huyu bwana wa umma niliyemkodi. Kabla hajavua viatu nikamwomba namba ya leseni. Hakununa, akaitoa kwenye pochi. Nikaingia kwenye tovuti ya Idara ya Bima ya Texas palepale na simu yangu, nikaandika jina, likatokea, leseni hai. Dakika mbili hizo zina faida kuliko tabasamu lolote. Texas inadai leseni kwa kazi hii tangu sheria ya 2003: mtu anafanya mtihani, anaweka dhamana, na mkataba wake una mambo ambayo lazima yawemo. Malipo yake hayazidi asilimia 10 ya bima itakayolipwa. Ukishasaini una saa 72 za kujutia, unaandika barua na mkataba unakufa. Na ikiwa bima imelipa kiwango cha juu kabisa cha mkataba wako wa bima, au imeahidi hivyo kwa maandishi, ndani ya saa 72 tangu uripoti, haruhusiwi kuchukua asilimia. Atadai muda aliotumia tu. (Dada yetu aliyeko Florida, kwenu ni tofauti: asilimia 20, na hushuka hadi 10 kwa madai ya dharura iliyotangazwa, katika mwaka wa kwanza. Usichanganye.)

Sasa kazi yake. Alikuja na kijidude chenye pini mbili, kipima unyevu, ukubwa wa rimoti ya TV. Akapiga magoti korido, akazichomeka zile pini kwenye ubao wa chini wa ukuta, mahali ambapo mie nilikuwa nimeshapiga deki na kukausha na kusahau. Kikalia. Akasogea hatua moja, kikalia tena. Akaenda hivyo kwa magoti hadi jikoni, akafungua kabati la chini ya sinki, akaingiza mkono nyuma, akautoa una unga mweusi wa ukungu. Hakusema kitu, alinionyesha tu vidole. Jumla alikaa saa tatu na nusu.

Kisha akauliza picha za siku yenyewe ziko wapi. Nikaona aibu. Baba Rahma alikuwa amebeba kila kitu kilicholowa, zulia, pamba, vipande vya dari, akavitupa kwenye lori la taka, kwa kuwa sisi ni watu wa kusafisha. Kumbe ni kosa: ulipaswa kuzuia hasara isizidi, sawa, lakini ukate kipande cha kila kitu ukiweke. Nikasema picha sina. Halafu nikakumbuka nilimtumia dada yangu Tanga picha 14 na sauti ya kulia kwenye WhatsApp. Akasema basi hizo ndizo. Zina tarehe, zina saa, na moja ilionyesha maji yakitoka chini ya makabati ya jiko. Kilio changu kikageuka ushahidi.

Makadirio yake yalikuwa kurasa 19, yametoka kwenye Xactimate, programu ileile wanayoitumia bima, na hilo ndilo lililokuwa na nguvu. Hawakuweza kusema bei kaziokota mtaani. Aliandika mstari kwa mstari: kukausha, kutoa ubao na kuurudisha, rangi ya chumba kizima na si ukuta mmoja, sakafu ya korido kwa kuwa mbao zake zinaendelea hadi sebuleni bila kiungo.

Kuhusu ujira, mkataba aliokuja nao ulisema asilimia 10 ya malipo yote. Nikamwambia, bwana wee, hizo 6,840 nilizipata kabla sijakujua, utazilia kwa lipi? Akanitazama, akakata mstari, akaandika asilimia 10 ya kitakachoongezeka. Mwishoni jumla ilifika 21,300, sehemu ikiwa ni fedha za uchakavu ambazo bima huzishikilia hadi upeleke risiti za ukarabati. Nyongeza 14,460, chake 1,446. Shemeji hakuuliza, alilipia mpaka pesa aliyokwisha kuipokea.

Ila Aprili. Alipeleka karatasi, akatoweka. Nilipiga simu tena na tena. Aliporudi alisema alikuwa na madai mengi, naamini, mji mzima ulikuwa umepasuka. Lakini sheria ina saa yake upande wa bima: wakishapata kila walichokiomba, wana siku 15 za kazi za kukubali au kukataa. Yeye ndiye aliyenifundisha hilo, na yeye ndiye aliyeiacha ipite bila kuwakumbusha.

Na jambo jingine hakuniambia. Cheki ilikuja na majina matatu: letu, lake, na la benki iliyotukopesha nyumba. Benki yetu ya kawaida ikaikataa mpaka wote watie saini nyuma. Kuisafirisha cheki hiyo kwa posta kwenda idara ya benki ya mkopo na kurudi ilichukua wiki tano, Rahma analala sebuleni. Angenitahadharisha siku ya kwanza ningeanza karatasi mapema.

Nani basi amkodi mtu kama huyu? Hasara ikiwa ndogo, dola elfu mbili tatu, usimkodi, piga bima uombe waje tena kukagua, na wakikudharau lalamika kwa Idara, ni bure. Wakikataa dai moja kwa moja, mtafute wakili. Mkadiriaji wa umma hana ruhusa ya kukuendea mahakamani. Na yule wa mlangoni, fundi wa paa anayesema atakutengenezea paa na papo hapo atakusemea kwa bima, ati na ile sehemu yako ya kujilipia atakusamehe: mambo yote mawili hayaruhusiwi Texas. Kampuni moja ya mapaa ilikwenda kuipinga ile sheria inayomkataza fundi kukusemea kwa bima, hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, na 2024 ikashindwa.

Nyota nne. Kipande cha ubao wa korido bado kiko gereji kwenye mfuko wa plastiki, Baba Rahma amekatazwa kukigusa.