Fremu ya kuanzia baiskeli ya mbio Dodoma: kagua bomba la krenki kwanza

Tangu kiangazi kianze na upepo wetu uanze kubeba vumbi, malalamiko ninayoletewa yanafanana: "Dada, baiskeli inalia kule chini kila nikikanyaga. Fundi amebadilisha mnyororo, amebadilisha pedali, bado inalia." Nikiuliza fremu ni ipi, naambiwa rangi, naambiwa ni kaboni, naambiwa imetoka Ujerumani. Bomba la krenki halitajwi, na mlio unatoka humo humo.

Bomba la krenki ni kile kibomba kifupi chini kabisa ya fremu, panapopita ekseli ya krenki, ile mikono inayoshika pedali. Ukiwa unaunda baiskeli kidogo kidogo, mwezi huu fremu, mshahara ukitoka tena rimu, gia zisubiri mwakani, vyote hivyo unaweza kuja kuvibadilisha. Bomba huwezi. Limekuja na fremu na litabaki hivyo. Ndiyo maana uzito, rangi na idadi ya gia sivigusi hapa.

Mabomba yako ya namna mbili. Moja lina nyuzi ndani, na vikombe vya beringi vinafungwa humo kama nati. Jingine ni laini, beringi zinashindiliwa tu. BB30, aina ya bomba iliyoanzishwa na kampuni ya Cannondale mwaka 2000, ni ya kushindilia. Beringi ya hivyo inataka tundu lililochongwa kwa usahihi mkubwa. Likipwaya kidogo tu, beringi inacheza, vumbi la barabara ya Ihumwa linaingia, na kelele zinaanza. Kuitoa na kuirudisha kunahitaji zana yake maalumu, na mafundi wengi wa hapa mjini hawana zana hiyo, wana nyundo. Kaboni na nyundo haviendi pamoja. Hata kampuni ya Specialized, walipotoa baiskeli yao ya Tarmac SL7 mwaka 2020, walirudi kwenye nyuzi, na ile ni baiskeli ya mashindano ya bei kubwa.

Upana peke yake hautoshi kukuonyesha bomba ni la aina gani. Bomba la nyuzi za Kiingereza, linaloitwa BSA, lina upana wa milimita 68, na la BB30 pia ni 68. Pima tundu: la BSA ni karibu milimita 34, la BB30 ni 42. Ukikuta nyuzi na upana wa 70, hiyo ni ya Kiitaliano. Si mbovu, lakini spea zake utazitafuta mpaka uchoke. Mwambie muuzaji atoe krenki na vikombe, kisha umulike ndani kwa tochi ya simu. Nyuzi ziwe na kingo kali, zisiwe zimelika au kujaa kutu.

Na kabla fundi hajagusa, mkumbushe: kwenye BSA, kikombe cha upande wa mnyororo kina nyuzi za kinyume. Kinafunguliwa kwa kuzungusha kule mishale ya saa inakoelekea. Nimeshuhudia fundi akiking'ang'ania upande wa kawaida, kikagoma, akachomeka bomba refu kwenye spana ili apate nguvu. Nyuzi zilitoka kama vinyweleo vya chuma, na fremu nzuri ikaishia hapo.

Sasa chaguo zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni fremu ya chuma cha kromoli (chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni) iliyotumika, yenye BSA. Chuma kinachomeleka. Tena fremu nyingi za zamani zina nafasi ya milimita 126 kwa hubu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, na chuma kinaweza kutanuliwa taratibu kifike 130 ili hubu za gia za kisasa ziingie. Hakikisha tairi ya milimita 28 inapita kwenye uma wa mbele na nyuma bila kugusa. Ikipita ya 32, ichukue, maana ukitoka lami ya barabara ya Iringa hukawii kukutana na changarawe.

Ya pili ni fremu ya alumini yenye nyuzi. Ni nyepesi zaidi, ila lazima iwe 130 tayari. Alumini haitanuliwi, mtu asikudanganye.

Ya tatu ni baiskeli nzima ya mtumba yenye gia za Shimano Claris, unaiendea kazini huku ukibadilisha kimoja kimoja. Inamfaa asiyeweza kungoja.

Ya mwisho, tena siishauri, ni kaboni ya mtumba yenye bomba la kushindilia. Zile mpya za bei ya chee zisizo na jina, ziache.

Kwenye vifaa mimi ni mtu wa Shimano na sifichi. Katriji yao ya UN300, yaani ekseli na beringi zake zikiwa kipande kimoja, imefungwa kabisa, vumbi linapata shida kuingia, na inakaa kwenye BSA bila mbwembwe. Nunua krenki kwanza, ndipo ununue katriji, kwa sababu urefu wa ekseli unafuata krenki. Claris ni ya gia 8, Sora ni ya 9, na kigeuza gia cha nyuma cha Sora kinafanya kazi na leva za Claris, kwa hiyo unaweza kupanda ngazi bila kutupa kila kitu. Hubu chukua ya gia 11: ukiweka pete ya milimita 1.85, kaseti (rundo la gia za nyuma) ya 8 au 9 inakaa vizuri, na siku ukipata hela zaidi hubu haibadiliki.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Wanapiga picha fremu upande mmoja tu, ule unaong'aa, halafu bei "njoo inbox". Ukifika inbox unaulizwa uko wapi, unafanya kazi gani, ndipo bei inatajwa, na ukisema uko wizarani, kule Mji wa Serikali Mtumba, inapanda. Tairi nazo, zile za inchi 28, wanakwambia "28 ni 28". Si kweli. 28 ya Phoenix inakaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635, ya baiskeli ya mbio ni 622, na namba hizo zimeandikwa ubavuni mwa tairi. Watu wamelipa, wamesafirishiwa kwa basi kutoka Kariakoo, wamefika nyumbani tairi haishiki rimu, na muuzaji hapokei simu. Kwa hiyo dai picha tatu kabla ya kutuma hela: bomba la krenki likiwa wazi, rula ikiwa imewekwa kwenye nafasi ya hubu ya nyuma, na namba ya ubavuni mwa tairi. Akikataa hata moja, usitume.