Baiskeli ya mteremko: kabla ya kununua chochote, pima bomba la siti

Baiskeli yangu ya mteremko niliinunua Jumamosi moja mchana hapa Arusha, kwa shilingi milioni moja na laki sita, kwa muuzaji aliyeishusha kwenye kontena pamoja na majokofu na magodoro. Fremu ya alumini, shokapu ya nyuma yenye springi nene, foku ya mabega mawili kama ya pikipiki, milimita 200 za kuzama mbele na 200 nyuma. "Dada, hii ndiyo ya milimani yenyewe," akaniambia, "hata Meru unapanda." Kesho yake nikaelekea nayo Ilboru, kwenye mwinuko nje kidogo ya mji. Kabla sijaimaliza lami magoti yalikuwa yanawaka moto. Nikashuka, nikanyanyua siti. Ilipanda vidole vinne, ikaishia hapo. Nikarudi nyumbani naisukuma.

Tangu nielezee mkasa huo nimekuwa nikipokea ujumbe wa watu waliouziwa baiskeli za namna hiyo Moshi, Dar es Salaam, Nakuru. Wote wanauliza jambo moja: nibadilishe nini ili niweze kuikanyaga kila siku, kupanda na kushuka? Na karibu wote wameshanunua kitu, na karibu wote wameanza na kitu kisichofaa kuanza nacho.

Uzito sitauzungumzia. Yangu ina kilo 17 na ushee, nimeizoea. Rangi, breki na mwaka wa kutengenezwa pia naviacha, maana breki za baiskeli hizi ni nzuri kuliko za baiskeli nyingi mpya. Kinachoniumiza mimi ni bomba la siti, lile bomba la fremu linaloimeza nguzo ya kiti, ambalo sijaona tangazo hata moja likilitaja.

Baiskeli hizi zilitengenezwa kwa ajili ya mahali kama Whistler kule Kanada au Les Gets Ufaransa, ambako lifti za kamba zinakupandisha wewe na baiskeli yako mpaka juu, kazi yako ikabaki kushuka. Anayeshuka husimama juu ya pedeli, hakai. Kwa hiyo mtengenezaji hakuwa na sababu ya kukupa mahali pa kukaa. Bomba ni fupi, mara nyingi limekatizwa katikati ili shokapu ipate nafasi, na limelala kwenda nyuma. Mwenye baiskeli wa kwanza naye huikata nguzo ili isimchome anaporuka. Yangu ilikuwa imekatwa, imebaki sentimita 22.

Chukua futi ya fundi cherehani tufanye hesabu pamoja. Simama peku ukutani, bana kitabu katikati ya mapaja kwa nguvu, pima kutoka sakafuni mpaka mgongo wa kitabu. Mimi napata sentimita 78. Zidisha kwa 0.883, kanuni waliyoieneza waendesha baiskeli wa mashindano wakati wa bingwa wa Marekani Greg LeMond, unapata karibu 69. Hicho ndicho kimo cha siti yako, kutoka katikati ya ekseli ya pedeli (ile iliyo chini ya fremu, inayoshika mikono yote miwili ya pedeli) mpaka juu ya siti. Bomba langu, kutoka kwenye ekseli hiyo mpaka mdomoni, ni sentimita 40. Zinabaki 29. Siti yenyewe na reli zake zinakula 5. Kwa hiyo nahitaji sentimita 24 za nguzo nje ya fremu. Nguzo yangu ya 22, ukiacha 10 ndani kama inavyotakiwa, ilinipa 12 tu nje. Nilikuwa nakanyaga nikiwa chini kwa sentimita 12!

Sasa utasema, nunua nguzo ndefu, inauzwa elfu thelathini. Msomaji mmoja wa Moshi alifanya hivyo. Akaichomoa mpaka ikabaki sentimita sita ndani, na baada ya wiki chache akanitumia picha ya fremu iliyopasuka pale bomba la siti linapokutana na bomba la juu. Nguzo lazima iingie mpaka ipite kiungo hicho, hata kama alama iliyochorwa kwenye nguzo inakuruhusu kuishia juu yake. Kwa hiyo pima na kina. Ingiza kijiti kilichonyooka bombani mpaka kigote, weka alama, kitoe, kipime. Kwangu kina ni sentimita 15. Pima na upana kwa kalipa ya fundi: milimita 30.9 na 31.6 ndizo utakazokutana nazo zaidi. Nguzo ya 30.9 unaweza kuivalisha ganda jembamba la alumini ikakaa kwenye bomba la 31.6. Kinyume chake hakiwezekani, na asikudanganye mtu kwamba bomba litapigwa msasa.

Kuna na ule mlalo. Bomba likiwa na nyuzi 65 kutoka usawa wa ardhi, kila unaponyanyua siti inakwenda pia nyuma: kwa sentimita 24 za nguzo, siti inarudi nyuma kama 10. Kwenye bomba la nyuzi 75 ingerudi 6 tu. Hizo nne zinatosha kukuweka juu ya gurudumu la nyuma, na ukifika kwenye mwinuko mkali gurudumu la mbele linaanza kunyanyuka na kuyumba. Dawa ya bei rahisi ni kuisogeza siti mbele kabisa kwenye reli zake na kuchagua nguzo yenye kichwa kilichonyooka, kisichopinda kwenda nyuma. Haimalizi tatizo, ila inalipunguza sana.

Ukishapata vipimo hivyo, ndipo tuongee pesa. Napanga kwa jinsi ningenunua tena.

Cha kwanza: siti ya kitufe

Mimi na fundi wangu tunaiita hivyo: nguzo inayoshuka na kupanda kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani. Nguzo ya kawaida ukiiweka juu huwezi kushuka njia za mawe, siti inakusukuma tumboni. Ukiiweka chini huwezi kupanda. Ndiyo maana naiweka mbele ya gia.

Chaguo langu ni OneUp ya Kanada, na sifichi kwamba naipenda. Sababu ni ule ufupi. Kampuni nyingi zinashindania mwendo mrefu, yaani umbali siti inaopanda na kushuka; wao wamehangaika kupunguza kile kinachobaki juu ya mdomo wa bomba na kile kinachozama ndani. Kwenye fremu yenye kina cha sentimita 15 hilo ndilo linaloamua. Pia unaweza kupunguza mwendo wake kidogo kwa vipande vinavyowekwa ndani, kwa hiyo usipopatia kipimo kwa kidogo hujapoteza pesa. Mimi nilichukua ya mwendo wa milimita 120. Ile ya 150 niliitamani, lakini kwa hesabu ya hapo juu mkia wake ungegota chini kabla siti haijafika mahali pake. Bei ni kama dola 200 na ushee kabla ya usafiri na kodi.

Waya wa kitufe unatokea chini ya nguzo, na fremu nyingi za zamani za mteremko hazina tundu la kuupitisha. Angalia chini ya bomba lako: kama limekatizwa na liko wazi, kama langu, waya unatokea hapo vizuri, unaufunga kwa vibano kando ya fremu. Kama limezibwa, tafuta nguzo ya waya wa nje. PNW ya Marekani walitengeneza inayoitwa Cascade, nayo ni nzuri. Ipo na Reverb AXS ya RockShox isiyo na waya kabisa, inatumia betri, lakini bei yake inakaribia kile nilicholipa kwa baiskeli nzima. Usimruhusu fundi atoboe fremu. Bomba hilo linabeba uzito wako wote.

Cha pili: gia

Baiskeli ya mteremko huja na meno 36 mbele, na nyuma sproketi kubwa kuliko zote ina meno 25 au karibu na hapo. Kwa gurudumu la inchi 27.5, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza zaidi ya mita 3. Hebu panda Ilboru kwa gia hiyo. Nimeweka 32 mbele na sproketi za 11 mpaka 46 nyuma, sasa mzunguko mmoja ni kama mita moja na nusu. Kila mkanyago unataka karibu nusu ya nguvu iliyokuwa ikinitesa.

Nilinunua Shimano Deore ya sproketi 10, jamii ya M4100. Ipo na ya sproketi 11 inayofika meno 51, jamii ya M5100. Zote mbili zinakaa kwenye frii ya kawaida ya Shimano (kile kipande kinachobeba sproketi), ile ambayo baiskeli nyingi za zamani tayari zinayo, kwa hiyo habu yako, yaani kitovu cha gurudumu, inabaki. Hapo ndipo wauzaji wanapotuumiza. Wanakusukumia sproketi 12 kwa sababu ndizo mpya, hawakwambii kwamba za Shimano zinataka frii ya aina nyingine. Unafika nyumbani haziingii. Nunua sproketi, mkono wa gia wa nyuma, kibadilisha gia cha kwenye usukani na cheni vya jamii moja, kwa siku moja. Deore nimeiona kwenye baiskeli za watalii zinazorudi kutoka safari za wiki mbili za vumbi la Longido, inasafishwa, inapakwa mafuta, inaondoka tena. Sihitaji ushahidi zaidi ya huo.

Kama baiskeli yako ilikuja na sproketi 7 za SRAM zinazoanza na meno 10, frii yako ni ya XD, aina ya SRAM wenyewe, na hapo huna budi kubaki na SRAM au wanaotengeneza za kuingia kwenye XD. Kwa wenye frii ya kawaida ya Shimano, za bei ya chini kuna pia microSHIFT Advent X (kwenye XD haziingii). Zinafanya kazi.

Gurudumu la nyuma usilibadilishe. Habu nyingi za mteremko zina upana wa milimita 150 au 157, na gurudumu la 148 utakalouziwa kwa maneno ya "linaingia tu" haliingii.

Cha tatu: tairi

Tairi za mteremko zina ngozi mbili, na moja inaweza kufika kilo 1.2 au 1.3. Ukivaa Maxxis Minion za ngozi ya kawaida ya EXO, kwa magurudumu yote mawili unapunguza zaidi ya nusu kilo pale inaposikika zaidi, kwenye kitu kinachozunguka. Kwa anayepita kwenye migunga ningesema EXO+ ambayo ni nene kidogo, na ndani utoe tyubu uweke maji ya kuziba. Miiba ya huku haihurumii tyubu. Mimi kabla ya maji hayo nilikuwa naziba pancha karibu kila nikipita Ngaramtoni.

Shokapu ya nyuma, kisha foku

Shokapu ya nyuma wengi wanaibadilisha bila haja. Kwanza angalia namba iliyochapwa kwenye springi, inayoonyesha ugumu wake. Kama mwenye wa kwanza alikuwa na kilo 90 na wewe una 62, badilisha springi peke yake. Ukiamua kununua shokapu nzima, itafute yenye kiwiko cha kukaza wakati wa kupanda, na ipimwe urefu kutoka tundu hadi tundu pamoja na mwendo wake. Tofauti ya milimita chache inatosha fremu na gurudumu kugusana.

Foku ndiyo kila mtu anataka kuanza nayo, na mimi naiweka mwisho. Nakubali kwamba ile ya mabega mawili inasumbua: mabomba yake yanagonga fremu ukikata kona kali, na kwenye zile kona za kurudi nyuma za Lushoto nililazimika kushuka na kuinyanyua baiskeli. Foku ya bega moja kama RockShox Zeb ya milimita 170 au Fox 38 ingenipa kona, na kwa sababu inashusha mbele ingesimamisha bomba la siti kwa karibu nyuzi moja, jambo ninalolitamani. Lakini lazima ujue kichwa cha fremu yako kinapokea shingo ya aina gani, na gurudumu lako la mbele la ekseli ya milimita 20 litahitaji vikombe vya kulipunguza hadi 15. Bei ya foku mpya kwa hela yetu inanunua baiskeli nyingine kamili. Siti, gia na tairi kwanza.

Wauzaji nina neno nao. Wanapiga picha kumi za shokapu na foku, hakuna hata moja ya siti. Ukiwaomba wapime kina cha bomba wanaona unawasumbua. Duka moja liliniuzia nguzo kwa maneno ya "inaingia kwenye zote," niliporudi siku ya pili na nguzo isiyoingia nikaonyeshwa karatasi ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi. Bei wanataja kwa dola, chenji ya dola kwa shilingi wanakadiria wao, na VAT ya asilimia 18 unaisikia ukiwa umeshatoa pochi. Fundi anayeshinda juani akiziba pancha kwa shilingi elfu moja anakupimia bila hata kuombwa mara mbili. Kwa nini mwenye duka la vioo ashindwe?

Kwa anayetaka kununua sasa, ujumbe ninaowatumia wauzaji siku hizi ni huu: "Naomba unipimie urefu wa bomba la siti kutoka ekseli ya pedeli mpaka mdomoni, kina chake kwa kijiti, na upana wake. Na unipigie picha ya chini ya bomba." Kina kikiwa chini ya sentimita 12 naacha, hata ikiuzwa laki tano, maana siti ya kitufe haitapata pa kukaa. Wa Moshi ameniandikia juzi kwamba amepata fremu nyingine, kina 19, bomba wazi chini. Hiyo anaweza kuweka ya mwendo wa 150.

Yangu imesimama kwenye sentimita 68, pungufu moja ya hesabu. Ilboru naimaliza nikiwa nimekaa.