Dirisha la pahani Karnataka: nyota nne kati ya tano

Kabla sijaja kusoma Mysuru, jimbo la Karnataka, kusini mwa India, nilikuwa mtendaji wa kijiji kwetu Tanzania. Madaftari ya ardhi nimeyashika na najua yanavyochezewa. Kwa hiyo mama mwenye nyumba ninayopanga, ambaye wapangaji wote tunamwita Amma, aliponiomba nimsindikize ofisi ya taluka, yaani sehemu ya wilaya, akachukue pahani ya shamba la marehemu mumewe, nilikwenda na hamu ya kikazi kabisa.

Pahani ndiyo karatasi inayoonyesha shamba ni la nani, lina ukubwa gani, udongo wake ukoje, linalimwa nini na lina deni gani. Mkulima anayetaka mkopo benki, hapo ndipo anapoanzia.

Dirishani kuna skrini mbili: moja ya karani, nyingine imegeuziwa mteja. Karani alipoingiza namba ya shamba, Amma alikuwa anaona kila kinachoandikwa. Akasogea, akasoma kwa sauti jina la mumewe, kisha ekari, kisha akashuka na kidole hadi sehemu ya madeni kuhakikisha mkopo wa ushirika waliomaliza kuulipa umeondolewa. Umeondolewa. Akalipa ada, karatasi ikatoka, tukaondoka. Hakuna aliyetuita pembeni. Skrini ile ya pili ilinigusa sana, maana nimekaa upande wa ofisa na najua mwananchi anavyosimama pale akingoja kuambiwa kilichoandikwa juu ya mali yake.

Mfumo huu unaitwa Bhoomi, na umri wake ndio unaonifanya niandike. Ulienea taluka zote 177 za Karnataka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati S. M. Krishna akiwa waziri mkuu wa jimbo na ofisa wa serikali Rajeev Chawla akiusimamia. Kumbukumbu kama milioni 20 za wakulima milioni 6.7 zilitoka mikononi mwa wahasibu wa vijiji wapatao 9,000, waliotunza madaftari ya ardhi, zikaingizwa kwenye kompyuta. Ada ilianza rupia 15. Public Affairs Centre, taasisi ya utafiti ya Bengaluru, ilipowahoji watumiaji, asilimia 66 walisema enzi ya daftari walitoa rushwa. Kwa Bhoomi waliosema hivyo walikuwa asilimia 3.

Krishna aliondoka madarakani 2004. Dirisha halikuondoka naye. Kwa nini? Miaka ya 1990 walishajaribu kompyuta wakashindwa, kwa sababu daftari la mkono liliendelea kutumika sambamba, na mabadiliko yakawa yanaandikwa humo. Safari hii, taluka ikishahakiki data zake, serikali ilitangaza kwamba pahani ya mkono haina nguvu ya kisheria. Basi. Ofisa asiyeupenda mfumo mpya hakuwa na pa kurudi. Mifumo mingapi nimeiona ikizinduliwa kwa fulana na kofia huku kabati la zamani likiachwa wazi! Wafadhili wakifunga mradi, watu hao, wamerudi kwenye kabati.

Kuna na kitu cha pili, Sakala, sheria ya jimbo ya 2011 iliyoanza kazi 2012. Jimbo la Madhya Pradesh lilitangulia na yake 2010. Ukiwasilisha ombi unapewa namba yenye tarakimu 15, na kila huduma ina siku zake. Zikipita, unaweza kudai rupia 20 kwa kila siku ya kuchelewa, mwisho rupia 500, na fedha hiyo hukatwa kwa ofisa aliyechelewesha. Ni fedha ndogo, lakini jina lako kuonekana kwenye orodha ya waliokatwa, mtumishi yeyote anajua linavyouma. Tangu hapo jimbo limepita kwa vyama tofauti: BJP, Congress, muungano wa Janata Dal (Secular) na Congress, BJP tena, na Congress tena kuanzia 2023. Sheria bado ipo.

Nyota ya tano nimeizuia. Kuchapisha pahani ni rahisi. Kubadilisha jina la mmiliki bado kunapita kwa watu, mhasibu wa kijiji na mkaguzi wa mapato, na wakulima niliozungumza nao wanasema chai sasa inadaiwa huko. Ninawaamini. Dirisha limesafishwa, njia ya kuelekea dirishani bado. Halafu mwanamke asiyejua kusoma, skrini ile nzuri inamsaidia nini bila mtu wa kumsomea? Nilimwona mmoja kwenye foleni akimtegemea dalali aliyekaa nje na fomu zake. Panahitajika mtu wa serikali wa kusoma naye, bila malipo.

Watendaji wenzangu mkiletwa huku kwa ziara za mafunzo, ombeni mpelekwe dirishani siku ya kazi, asubuhi, badala ya kuonyeshwa picha ukumbini.

Amma ameshapeleka ombi la kuhamisha shamba liwe kwa jina lake. Namba yake ya Sakala iko kwenye simu yangu. Siku zikitimia nitaongeza hapa jinsi ilivyokwenda.